Msizing'oe deizi za Shasta, zigawanyeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka Jumamosi iliyopita kwenye ukurasa wa bustani. Mwandishi alieleza vizuri jinsi ya kupanda deizi za Shasta, na ile picha ya maua meupe yenye kitovu cha njano niliikata nikaibandika ndani ya mlango wa stoo yangu. Lakini aya ya mwisho ilinikosesha raha. Aliandika kwamba deizi hizi zikianza kukauka katikati zimefikia mwisho wake, zing'olewe zitupwe, na mtu aanze upya na miche mingine. Nina kichaka cha deizi za Shasta kilichotokana na kipande kimoja nilichopewa miaka 19 iliyopita. Katikati yake kimeshakauka mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na bado kipo.

Mimi si bwana shamba. Nimekuwa fundi mwashi miaka 36, na maua nimejifunza kwa dada yangu mkubwa. Nilikwenda kwake kumjengea ukuta mfupi wa bustani, nikamkuta amechimbua kichaka kizima, amekilaza kwenye gunia na anakikata vipande kwa kisu cha jikoni. Nikamwambia, "Dada, mbona unaviua?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Siviui, mdogo wangu. Hivi vimebanana, vinataka pa kukaa." Jioni nilipokuwa nafunga vifaa vyangu akanipa kipande kimoja, mizizi imezungushiwa kurasa za gazeti zilizoloweshwa maji, akasema nikipande kabla sijalala. Nilikipanda usiku kwa mwanga wa taa.

Nilikipanda pabaya. Nilichagua kona ambayo maji ya paa humwagika, nikidhani mmea wenye kiu utafurahi hapo. Majani yalistawi miezi michache, kisha yakalegea ingawa udongo ulikuwa umeloa, na nilipovuta shina likatoka mkononi bila mzizi, limeoza, linanuka. Nikarudi kwa dada kuomba kingine. Nasema hili mapema kwa sababu naamini deizi nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa kwa uzee zimekufa kwa maji. Mmea huu unapenda kunyweshwa lakini haupendi kusimama majini, na hasa wakati wa baridi unapokuwa umelala. Pale majani yanapokutana na mizizi, mahali ninapopaita shingo ya mmea, pakikaa na unyevu muda mrefu kuvu huingia na kazi imekwisha.

Hapo ufundi wangu ulinisaidia. Mwashi yeyote anajua kwamba kabla hujapanga tofali la kwanza unauliza maji yatakwenda wapi. Nikafanya hivyo hivyo. Nilichimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, nikalijaza maji, nikakaa kitako kusubiri. Saa nne baadaye maji yalikuwa bado yamo: udongo wa mfinyanzi, umeshikana kama udongo wa kufyatulia matofali. Basi sikupanda pale chini. Niliinua tuta la sentimita 20 kando ya ukuta unaopata jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, nikachanganya udongo na mboji iliyoiva vizuri, na pembeni nikachimba mtaro mdogo wenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Kipande cha pili kilishika hapo na ndicho kilichozaa vyote nilivyo navyo. Jua ni lazima, Mhariri: saa sita kwa siku au zaidi. Kwenye kivuli mashina hurefuka yakitafuta mwanga, maua yanakuwa machache na kichaka kinalala chini mvua ya kwanza.

Sasa nije kwenye huo ukavu wa katikati. Deizi ya Shasta hainenepi mahali pamoja kama mti. Hutambaa. Ina mashina mafupi yanayokwenda chini kidogo tu ya udongo, na kila mwaka husogea nje na kutoa machipukizi mapya pembeni. Sehemu ya zamani hubaki nyuma, inakuwa ngumu kama kuni, mizizi imesukana, chakula cha udongo wa pale kimekwisha. Ukisimama juu ya kichaka cha miaka mitatu ukitazama chini utaona duara la majani mabichi limezunguka upara. Mtu asiyejua atasema ugonjwa. Lakini gusa yale machipukizi ya pembeni, ni magumu, yamejaa uhai, na kila moja lina mizizi yake tayari.

Mwandishi wenu hakukosea kabisa. Kichaka kikiachwa bila kuguswa, mwaka wa nne au wa tano kinaweza kutoweka, na ndiyo maana vitabu vya bustani huuita mmea huu wa maisha mafupi. Ninachopinga ni ushauri wa kutupa. Anayetupa kichaka kizima kwa sababu ya upara wa katikati anatupa mimea mitano au sita mizima pamoja na kipande kimoja cha kuni.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mimi huifanya joto linapopungua baada ya maua kwisha. Penye baridi kali ya theluji wengi husubiri machipukizi yanapoanza kutokeza baada ya baridi, na zote mbili ni sawa mradi isiwe katikati ya jua kali wala wakati mmea umechanua. Siku moja kabla namwagilia kichaka maji mengi. Kesho yake nachoma beleshi kuzunguka pande zote, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye mashina ya nje, kisha nainua kichaka kizima taratibu. Mizizi yake haiendi mbali chini, kwa hiyo kinatoka bila vita. Natikisa udongo, nakilaza kwenye gunia kama alivyofanya dada. Pengine kinaachana chenyewe kwa mikono, pengine kinahitaji kisu kikali au makali ya beleshi. Kila kipande nakiachia machipukizi matatu mpaka matano na fungu la mizizi meupe. Ile ya katikati, kavu, haina jani, haiwezi kurudi tena, nayo ndiyo peke yake ya kutupwa.

Wakati wa kupanda tena, kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi ni kukizika kipande. Wanadhani kikizama sana kitasimama imara. Shingo inatakiwa iwe sawasawa na uso wa udongo, isizame, isiinuke. Mimi hulaza kipande cha ubao juu ya shimo kupata usawa, mazoea ya kazi. Kati ya kipande na kipande naacha sentimita 45 mpaka 60. Inaonekana nafasi kubwa mno siku ya kwanza na majirani huuliza kwa nini nimebakiza udongo mtupu. Mwaka wa pili hauonekani tena. Wiki mbili za mwanzo udongo usikauke kabisa. Baada ya hapo maji ya kuzama mara moja kwa wiki yanatosha kama mvua hainyeshi, na yamwagwe chini kwenye udongo, si juu ya majani, kwa sababu majani yanayolala yameloa hupata madoa. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya unene wa vidole vitatu husaidia sana, lakini yasigusane na shingo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niseme tugawanye, na hii mwandishi hakuigusa. Deizi ya Shasta haikuokotwa porini. Ilitengenezwa na mtu. Luther Burbank, mkuzaji wa mimea wa Marekani aliyezaliwa Lancaster, Massachusetts, mwaka 1849 na kuhamia Santa Rosa, California, mwaka 1875, aliipenda deizi ya mwituni aliyoijua tangu utotoni, akataka aipate ikiwa kubwa zaidi, nyeupe zaidi na yenye kuchanua muda mrefu. Kwa maelezo yake mwenyewe aliichanganya na deizi kubwa za Ulaya, ikiwemo ya Ureno, na mwishoni akatafuta weupe kwa deizi ya Kijapani. Alianza miaka ya 1880, na ua aliloliridhia likatoka mwaka 1901. Ni kama miaka 17 ya kupanda, kuchagua na kung'oa yasiyofaa. Akalipa jina la Mlima Shasta, kaskazini mwa California, mlima wa zaidi ya mita 4,300 wenye theluji kileleni, kwa sababu ya weupe huo. Huwa nalifikiria hilo ninapokuwa nimeinama na kisu changu: mtu huyu alisubiri miaka 17 kupata kitu ambacho sisi tunakichoka kwa miaka mitatu.

Jina lake la kitaalamu ni Leucanthemum × superbum, na hiyo alama ya kuzidisha iliyo katikati ina maana ni chotara. Mbegu za chotara hazitoi mtoto anayefanana na mama. Nilijaribu. Nilikusanya mbegu kwenye kichaka changu, nikazitawanya juu ya udongo laini bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote, na katika wiki mbili hivi zikaota vizuri. Mwaka uliofuata nikapata maua ya kila namna: mengine mafupi yasiyofika gotini, mengine marefu yaliyoinama, mengine yenye petali nyembamba zilizoachana. Hayakuwa mabaya, lakini hayakuwa maua ya dada. Zipo aina zinazouzwa kwa mbegu na zinazotoka karibu sawa, kama Alaska, au ile fupi iitwayo Snow Lady. Kwa nyingine, anayetaka ua lilelile hana njia ya uhakika ila kugawanya.

Angalieni aina iitwayo Becky. Ni ndefu, karibu mita moja, shina lake ni imara halihitaji kufungwa kijiti, na inavumilia joto kuliko nyingi. Mwaka 2003 ilichaguliwa na chama cha wakuzaji wa maua ya kudumu cha Marekani kuwa mmea wa mwaka. Lakini kabla ya hapo ilikuwa ikipita mkono kwa mkono katika bustani za watu wa jimbo la Georgia, huko huko Marekani, kipande kwa kipande, jirani kwa jirani. Kama watu wale wangeng'oa na kutupa kila walipoona upara wa katikati, leo hakuna ambaye angekuwa nayo.

Naomba niongeze onyo moja. Niliwahi kununua miche kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kuwa ni deizi za Shasta. Ilichanua, maua meupe kweli, lakini madogo. Msimu uliofuata ikawa imejisambaza mpaka kwenye njia na kwenye nyasi, nikakaa miezi natoa miche kwa mikono. Ilikuwa deizi ya mwituni, yule mzazi mmojawapo, ambayo katika nchi nyingi ilikopelekwa imegeuka magugu, na baadhi ya majimbo ya Marekani yameiweka katika orodha ya magugu mabaya. Msinunue kwa kutazama ua peke yake. Tazameni majani ya chini. Ya Shasta ni mazito, yanang'aa kidogo, marefu, yenye meno madogo ukingoni. Ya mwituni ni madogo na yamekatwakatwa kwa kina. Na ua la mwituni kwa kawaida halizidi sentimita tano kwa upana, wakati la Shasta hufika saba, kumi, hata zaidi kwa aina nyingine.

Kuhusu mbolea makala ilisema mengi, mimi nitasema machache: msizidishe. Mwaka mmoja nilimwagia kichaka samadi mbichi nikitaka kumfurahisha mke wangu kwa maua mengi kabla ya harusi ya binti yetu. Nilipata majani ya kijani kibichi mpaka kiunoni, maua manane, na mashina yote yalilala. Mboji kiganja mbili kuzunguka kila kichaka mwanzoni mwa msimu inatosha. Chokaa kidogo kwenye udongo haizisumbui deizi hizi hata kidogo. Kichaka changu kizuri kuliko vyote kipo pale nilipokuwa naoshea karai na mwiko wakati wa kupiga lipu.

Kukata maua yaliyokwisha ndiko kunakoongeza siku za kuchanua, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua mamia. Kila petali nyeupe ni ua, na kila kichunusi cha njano cha katikati ni ua jingine. Vile vya njano havifunguki pamoja: huanza ukingoni na kwenda ndani, siku baada ya siku, kwa hiyo ukisogeza macho utaona pete ya chavua inayozidi kuwa ndogo. Pete ikifika katikati na kitovu kikavimba na kuanza kuwa cha kahawia, ua limemaliza kazi yake na linataka kutengeneza mbegu. Hapo ndipo mkasi unapoingia. Fuateni shina mpaka kwenye tumba au jani la pembeni, mkate juu yake. Kama halina tumba, kateni mpaka karibu na majani ya chini. Nikifanya hivyo kila baada ya siku tatu, nne, kichaka hunipa maua wiki nyingi zaidi, na mwishoni mashina yote yakiisha nayakata na kuacha yale majani ya chini tu.

Wadudu sina mengi. Vidukari hukaa kwenye matumba machanga, navisukuma kwa maji ya mpira. Konokono na koa hula miche iliyotoka kugawanywa, kwa hiyo wiki ya kwanza natoka na taa usiku kuwaokota. Dawa sijawahi kupiga, kwa ajili ya nyuki na wale nzi wadogo wanaokuja mchana kutwa. Wenye mbwa na paka wawazuie wasitafune majani, yanaweza kuwadhuru tumbo na ngozi.

Na kwa wanaoyataka ya chombo cha mezani: kateni asubuhi na mapema, toeni majani yote yatakayozama, badilisheni maji kila siku mbili. Yanakaa wiki na zaidi. Ila yana harufu nzito ambayo wengine hawaipendi, mke wangu akiwa wa kwanza, basi yetu hukaa barazani.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni moja. Picha mliyochapisha ilikuwa ya ua lililochanua. Naomba ukurasa wa bustani utoe na picha ya kichaka kilichochimbuliwa na kugeuzwa, mizizi ikionekana, ili wasomaji waone ile sehemu kavu ya katikati na machipukizi yaliyoizunguka, na wajue kisu kinapita wapi. Maneno yangu hayawezi kuonyesha hilo. Mimi nitachimbua cha ukutani Jumamosi ijayo, joto likiendelea kupungua. Natarajia vipande saba. Viwili vinarudi kwa dada, kwani vyake vya mwanzo vilipotea alipohama nyumba, na kurasa za kuzungushia mizizi nimeshaziweka kando.

Wako,
Fundi mwashi mstaafu, msomaji wenu wa kila Jumamosi